Santuri ya Kumi na Mbili

Basi la kutoka Dar es Salaam lilitakiwa lifike saa nane mchana. Lilifika jua likizama, na Klementi, mwalimu wa kwaya, alikuwa bado amesimama mbele ya duka la ushirika, amevaa shati lake la Jumapili siku ya Alhamisi. Watu walikuwa wamemcheka tangu adhuhuri. Wenzake waliongojea basi walingoja sukari, au barua ya mtoto aliyeko jeshini. Yeye alingoja muziki.

Alikuwa ameungoja miaka miwili. Padre Damiani, aliyerudi kwao Ulaya, alimwachia gramafoni ya betri, na kila mwaka alimtumia kijitabu chenye orodha ya santuri zitakazotoka. Klementi alikisoma mpaka kurasa zikalegea. Humo ndimo alimoona habari za kasha: Misa za kale za Kilatini, santuri kumi na mbili pamoja, kwaya kubwa ajabu. Misa zile zile alizozifundisha kule mlimani alikotoka, kabla ibada haijageuzwa kuwa ya Kiswahili. Padre akaahidi kwamba likitoka tu atamtumia. Likaahirishwa. Likaahirishwa tena. Mtu mzima na mvi zake akawa anahesabu siku kama mtoto anayengojea sikukuu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Huseni, kondakta wa basi.

"Marahaba, Huseni. Umeniletea?"

Huseni alipanda juu ya basi, akashuka na kasha amelishika mbali na kifua chake, akalitua chini upesi.

"Mwalimu," alinong'ona, "humu mna nini?"

"Santuri."

"Santuri tupu?"

"Tupu. Kwani vipi?"

"Tangu Kinjumbi… abiria wa nyuma wamehama viti. Wanasema linakohoa."

Klementi akacheka, akajitwika kasha lake. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Na lilikuwa na harufu, si ya karatasi wala ya gundi, bali ya unga wa mtama uliolowa. Harufu ile aliijua. Furaha ikamzuia asiulize aliijulia wapi.

Mimi namwambia msomaji, kwa kuwa Klementi mwenyewe hakutaka kukumbuka.

Mwaka uliotangulia, Operesheni Vijiji ilipowashusha watu wa mlimani waje kukaa barabarani, kila ukoo ulikwenda kwanza kuyaaga makaburi. Ndivyo watu wa kule walivyofanya, Wakatoliki kwa Waislamu. Unamwaga unga wa mtama juu ya kaburi, unamtaja marehemu kwa jina, unamwambia: sisi tunahama, wewe baki. Kisha unaondoka, na hugeuki nyuma. Mzee Mfaume, aliyejua mambo hayo kuliko wote, alimweleza Klementi mara mbili, maana waimbaji tisa wa kwaya walikuwa wamezikwa pale, na wa tisa alikuwa Agnes, mke wa Klementi.

Klementi alimwaga unga. Lakini badala ya kuwaaga, alifungua rejista ya kwaya. Kwaya yake ilikuwa na desturi yake: waliokufa hawakufutwa. Kila mazoezi yalipoanza aliwaita pamoja na wazima, na wenzao wakawaitikia, "Yupo!" Siku ile aliwaita hivyo hivyo makaburini, mmoja mmoja, na kwaya kwa mazoea ikaitika. Yupo. Yupo. Yupo. Alipofika kwa Agnes, neno "baki" lilikuwa mdomoni mwake. Akalimeza. Hakuweza. Nani angeweza?

"Yupo!" wakaitika.

Mzee Mfaume alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, hukuwaaga watu hawa. Umewaita."

Basi, ndiyo hiyo harufu.

Nyumbani, binti yake Stefania alikuwa jikoni uani akichochea moto. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa pekee, na ndiye kila kitu alichobaki nacho Klementi duniani. Klementi aliingia chumbani na kasha lake, akawasha kibatari, akakata kamba. Ndani mlikuwa na santuri kumi na moja. Nafasi ya kumi na mbili ilikuwa tupu, na ndani yake kulikuwa na kikaratasi kilichopigwa taipu kwa Kiswahili safi.

*Santuri ya kumi na mbili itafuata. Waimbaji bado wanakusanywa.*

Aliudhika kidogo. Baada ya miaka miwili, pungufu moja! Lakini hakuwa na subira ya kuudhika sana. Alitoa santuri ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa, akaweka sindano.

Na kwaya ikaimba.

Ee Mungu, iliimba. Sauti ziliingia moja juu ya nyingine, taratibu, besi chini kabisa, na chumba kile cha udongo kikawa kirefu kuliko kanisa. Klementi alilia bila aibu. Alisahau kuhamishwa, alisahau shamba aliloliacha na korosho zake, alisahau hata kwamba ana njaa. Wimbo ulipokwisha alikaa tu, akisikiliza sindano ikikwaruza mahali pasipo na kitu.

Krr… krr… krr…

Halafu mtu akakohoa.

Klementi akainua kichwa. Kikohozi kile kikavu, cha mara mbili, kilikuwa cha Tomaso, mwimbaji wake wa besi. Tomaso alikufa mwaka wa njaa, na Klementi alimzika kwa mikono yake.

Krr… krr…

Ikafuata sauti yake mwenyewe. Sauti ya Klementi, kutoka ndani ya gramafoni, ikiita rejista.

"Tomaso."

"Yupo," akajibu Tomaso. Tomaso mwenyewe, si wenzake kwa niaba yake.

"Kondo."

"Yupo."

Wote tisa wakaitwa, wote tisa wakaitika. Na wa mwisho…

"Agnes."

"Yupo."

Klementi alipaswa kuivunja santuri ile hapo hapo, hilo hata yeye alilijua. Badala yake aliirudisha sindano mwanzo wa mstari ule wa kukwaruza, amsikie tena. Ilikuwa miaka sita tangu aisikie sauti ile. Namlaumu? Siwezi.

Krr… krr…

Tomaso. Kondo. Wote. Agnes. Lakini safari hii rejista haikuishia hapo. Na aliyekuwa akiita hakuwa Klementi tena. Alikuwa Agnes.

"Scholastica."

Klementi akashtuka. Scholastica alikuwa hai. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale, na mchana ule ule alikuwa amemtania barabarani kwa shati lake.

"Yupo," ikajibu gramafoni kwa sauti ya Scholastica.

Kisha kilio kikapasuka nje, nyumba ya tatu. Mwanamke mmoja alianza, wengine wakampokea.

Klementi alitaka kuinuka. Mkono wake ulinyooka kuelekea sindano, polepole, kama vile unapita ndani ya maji mazito.

Krr…

"Stefania…"

Agnes aliliita jina lile kama alivyoliita zamani, kwa upole, akivuta mwisho. Klementi akaipiga sindano kwa kiganja. Ikaruka, ikavunjika. Gramafoni ikanyamaza.

Amewahi. Alijiambia hivyo. Amewahi, jina limeitwa lakini hakuna aliyejibu…

Kutoka jikoni, juu ya vile vilio, sauti changa ikapaa.

"Abee!"

Stefania akatokea mlangoni, akifuta mikono kwenye kanga.

"Abee, baba. Umeniita?"

Klementi hakuwa amemwita.

Walimzika Scholastica kesho yake. Alikuwa ameketi akichambua mchele, walisema, akainua kichwa ghafla kama mtu aliyesikia jina lake, akatamka neno moja, akalala juu ya ungo. Baada ya mazishi Klementi alimvuta Mzee Mfaume pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, nimeuona uso wako tangu kaburini."

Akamweleza yote kwa kunong'ona. Mzee hakumkatiza hata mara moja. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Mtoto ameitika?"

"Ameitika."

Mzee Mfaume akachora mchanga kwa fimbo yake.

"Twende tukawaage sasa," alisema hatimaye. "Labda."

Neno hilo "labda" ndilo lililomvunja Klementi.

Siku ya pili yake walipanda mlimani kabla jua halijawa kali. Nyumba za zamani zilikuwa zimeanguka, nyasi zimeota mpaka mlangoni mwa kanisa. Makaburini Klementi alipiga magoti, akamwaga unga juu ya kaburi la Agnes, na safari hii akalisema neno lile. Alilisema kwa machozi.

"Agnes, mke wangu. Sisi tumehama. Wewe baki. Nakuomba, mama Stefania, baki. Mwachie mtoto."

Upepo haukuvuma. Ndege hawakulia. Mzee Mfaume alilala kifudifudi, akaweka sikio juu ya udongo. Kisha akasogea kaburi la pili, akasikiliza. La tatu. La nne. Alipoinuka, unga ulikuwa umemganda shavuni, na uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mwalimu, tunaongea na udongo," alisema. "Hawapo huku."

"Wako wapi?"

Mzee alinyoosha fimbo kuelekea chini, kwenye mabati mapya yaliyokuwa yaking'aa barabarani. Pale pale Stefania alipobaki akibangua korosho.

Jioni hiyo Klementi alizichoma santuri zote, na kasha lake, na kikaratasi chake. Ziliungua kwa moshi mweusi unaonuka mtama. Alipomaliza alijisikia nafuu kidogo, na nafuu hiyo ikamdumu mpaka basi lilipokuja Alhamisi iliyofuata.

Huseni alikuwa na barua, stempu za Ulaya. Mwandiko wa Padre Damiani, ule wa kulalia upande, Klementi aliutambua hata kabla ya kuifungua. Aliisomea pale pale barabarani.

*Mpendwa Klementi, nisamehe sana. Najua unavyolingoja lile kasha. Wameliahirisha tena, na hakuna hata santuri moja iliyokwisha kutoka. Litakapotoka, nitakutumia mara moja. Msalimie Stefania.*

Aliisoma mara tatu. Halafu akamwuliza Huseni nani aliyelipakia lile kasha la kwanza.

Huseni alikuna shingo. "Mwalimu, mimi nilikuta lipo juu ya basi. Nilidhani dereva kalipokea. Dereva akadhani mimi."

Tangu hapo Klementi hakumwacha binti yake peke yake. Alimpeleka kisimani, akamngoja. Alimsindikiza shamba la kijiji, akalima karibu naye. Alilala mlangoni kwake. Alimvisha rozari, na Mzee Mfaume akaleta hirizi, na Stefania akavivaa vyote viwili akicheka, maana hakuwa na maumivu yoyote. Alikula vizuri. Alinenepa hata. Watu wakamwambia Klementi, mwalimu, mshukuru Mungu, mtoto mzima. Naye aliitika ndiyo, huku akimtazama kama mtu anavyotazama maji yakipanda na hana mahali pa kukimbilia. Ungemkinga mtoto na nini? Hukuona kitu cha kupiga. Hukuona mlango wa kufunga.

Jumapili moja, baada ya ibada, Stefania alikaa uani na fungu lake la korosho. Klementi alikuwa dirishani. Binti akaanza kuimba, polepole, kwa midomo iliyofumbwa, kisha kwa maneno. Yalikuwa ya Kilatini. Stefania hakuwahi kujifunza Kilatini. Alikuwa mtoto mdogo ibada ilipogeuzwa.

Klementi alizijua Misa zote za kijitabu kile. Aliwahi kuzinakili kwa mkono, moja moja. Wimbo huu haukuwemo.

Ulikuwa sauti ya kwanza, yenye kusimama peke yake. Ulipanda ngazi moja, ukasita, ukapanda nyingine. Alifungua kinywa amkataze. Wimbo ukageuka mahali ambapo hakutegemea, ukashuka kwa huzuni tamu kiasi kwamba kiganja chake kilianza kupiga mapigo dirishani bila ruhusa yake. Kwa mbali, chini sana, kama kutoka chini ya sakafu, besi ikaingia. Mtu alikohoa mara mbili kabla ya kuingia.

Stefania akanyamaza katikati.

"Endelea," Klementi alisema. Alijisikia akilisema.

Binti akageuka, akatabasamu. "Naishia hapo, baba. Mama hajanifundisha mwisho wake. Anasema kwaya imetimia, nimebaki mimi tu."

Hapo baba yeyote angepiga kelele. Angemkumbatia mtoto, angekimbia naye mpaka Mingoyo, mpaka mwisho wa barabara. Klementi alitaka kufanya hivyo, Mungu ni shahidi. Hofu ilikuwa njiani, aliisikia ikija. Lakini kabla haijafika, kitu kingine kilikuwa kimeshamjaa kifuani, kikongwe kuliko hofu, kile kile kilichomsimamisha barabarani tangu adhuhuri amevaa shati la Jumapili.

"Atakufundisha lini?" aliuliza.

"Kesho jioni," Stefania akajibu, akarudi kwenye korosho zake.