Mume wa Nana

Ulipofika wimbo wa tatu, Samuel alinyoosha mkono akaizima redio kaseti.

"Mmesikia?" akauliza.

Taib alimkazia macho. Ilikuwa Jumamosi baada ya Alasiri, saa yao, na kwake yeye kumkatiza Nana katikati ya wimbo ilikuwa kukosa adabu. "Tumesikia nini?"

"Kuna mwanamume amwitikia."

Walikuwa watatu katika karakana ya Taib ya kutengeneza redio, chini ya nyumba yake ya mawe, Mji wa Kale: Taib mwenyewe, Katana aliyekuwa karani bandarini, na Samuel aliyepiga kinanda kanisani kila Jumapili. Kilichowaunganisha tangu walipokuwa wavulana ni kaseti moja ya mwaka wa themanini na tano, jina lake Hauna Kabila. Kundi la Kuze Sita lilikuwa limechanganya fidla ya taarabu, gitaa la dansi, kinanda cha kanisa na ngoma za Kigiriama, na juu ya yote hayo likamweka binti wa miaka ishirini, Nana. Wenye taarabu walisema hilo ni dansi. Wenye dansi walisema ni taarabu. Wauza kaseti hawakujua waiweke rafu gani. Vijana hawakujali, waliipiga mpaka kanda zikalika. Mwaka uliofuata Nana akanyamaza ghafla, na kaseti zake zikatoweka madukani na majumbani, moja baada ya nyingine. Ya Taib ilisalia kwa sababu ilikuwa imekatika, akaitupa ndani ya sanduku. Mwaka huu ndipo alipoifungua kwa bisibisi ndogo, akaunga utepe kwa subira ya wiki nzima, ikaimba tena.

"Wimbo huu naujua kuliko uso wangu," Katana alisema polepole. "Humu ndani hapakuwahi kuwa na mwanamume."

Wakairudisha nyuma. Fidla, ngoma, kisha Nana. Na chini ya sauti ya Nana, karibu naye sana, kama mtu aliyemwegemea begani, sauti nzito ya kiume isiyotamka neno lolote. Iliguna tu, kama mwenye nyumba anayewasikia wageni waliokaa kupita kiasi.

Mahira, mke wa Taib, alikuwa amesimama kwenye ngazi na sinia ya kahawa na kaimati. Sauti ya mwanamume hakuijali. Alikuwa akiutazama uso wa mumewe. Taib alikuwa amefumba macho, midomo ikimtetemeka, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

Walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili. Katika miaka hiyo Mahira aliimba mbele yake mara moja tu, kwenye harusi ya mpwa wake Jannat, wanawake walipokuwa ukumbini wakipiga vugo, ngoma yao ya pembe. Usiku ule Taib alimwambia, kwa upole, "Sauti yako ilifika barabarani. Teremsha kidogo, ni aibu watu kusikia." Naye akaiteremsha. Aliiteremsha mpaka ikaisha. Na sasa mtu yuleyule alikuwa akimlilia mwanamke wa watu ndani ya kaseti.

Akaiweka sinia chini kwa kishindo, akapanda juu.

Jumatatu, Katana alipiga simu. Sikio lake la kulia lilikuwa limeziba tangu Jumapili, na alfajiri ile alikuta damu kwenye mto. Siku mbili baadaye mke wa Samuel alipiga simu akilia: vidole vya mumewe vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa, havikunjuki hata kwa maji ya moto. Wote wawili walisema hawatarudi karakanani, na wakamsihi Taib aiache kaseti ile.

Taib hakuiacha. Akawa anaisikiliza peke yake, mlango umefungwa, adhuhuri mpaka Alasiri. Mahira akipita ngazini hukutana na harufu ya asumini, tena si asumini mbichi ya kuvaa, bali ile iliyolala na kuoza chumbani mwa mtu asiyefungua dirisha. Sauti ya Taib ikaanza kukauka. Mwisho wa wiki alikuwa akinong'ona tu, na shingoni pake palikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili.

"Nini hiki?" Mahira alimuuliza, akimgusa.

"Anibana," Taib alinong'ona. "Nikimsikiliza Nana tu, yule mwanamume anibana."

"Na waendelea kumsikiliza?"

Taib akateremka karakanani.

Mahira alimtafuta Nana. Katana ndiye aliyemwelekeza, kwa kuwa shangazi yake aliwahi kuwa jirani wa mwimbaji huyo. Nana alikaa Makupa, nyuma ya maduka, chumba kimoja chenye dirisha la kuuzia achari na mabuyu. Njia nzima Mahira alijiambia kuwa anakwenda kumwokoa mumewe. Lakini kabla ya kutoka alijipaka wanja, akavaa buibui lake jipya, na mtu hajipambi hivyo kwa ajili ya kuomba msaada.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na miaka sitini, mwembamba, nywele zimeota mvi mbele.

"Shikamoo, Bi Nana."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe ni mke wa nani? Nilidhani kaseti nimezichoma zote."

Wakaketi kitandani, hapakuwa na kiti. Nana alieleza kwa sauti ya chini, akitua kila baada ya maneno machache kama anayeomba ruhusa.

"Tulirekodi mchana, kwenye nyumba tupu. Nilipomaliza ule wa tatu nikasikia mtu nyuma ya shingo yangu aniambia: rudia. Nikageuka, hapana mtu. Nikarudia. Tangu siku hiyo nina mume. Mpiga fidla alinisifu mbele za watu, mkono ukampooza. Alikuja mchumba, akapofuka. Akaja wa pili, huyo tulimzika. Nikaacha kuimba. Nikazifuata kaseti nyumba kwa nyumba, wake za watu wakanipa wenyewe, nikazitia moto. Nikinyamaza, hutulia."

"Hukumtafuta mtu wa kumtoa?"

Nana alikunja ncha ya leso yake. "Miaka arobaini, mwanangu. Hajawahi kulala nje." Alilisema hilo kwa namna ambayo Mahira hakuipenda. Ilifanana na majivuno.

"Basi mume wangu nimfanyeje?"

"Aichome kwa mkono wake, kwa ridhaa yake. Wewe usiiguse. Nakuona, macho yako yamejaa wivu mpaka pomoni. Na huyu wangu ni wivu mtupu, hana kitu kingine ndani. Msikutane."

Mahira alirudi akamweleza Taib neno kwa neno. Taib akaikumbatia kaseti kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Niichome?" alinong'ona. "Heri mnizike nayo."

Ijumaa, Taib alipokwenda msikitini, Mahira aliteremka karakanani. Jua lilikuwa kichwani. Maduka ya jirani yamefungwa kwa sala, na uchochoro mzima ulikuwa mtupu. Aliipata kaseti, akaiziba matundu kwa karatasi ili ikubali kufutwa, akaitia redioni, akabonyeza kitufe chekundu. Alikusudia kuifuta kwa ukimya. Lakini alipouona utepe ukizunguka, ukimsubiri, kitu kilimpanda kooni, kitu cha miaka mingi, naye akainama kwenye kipaza sauti, akaimba ule wimbo wa vugo aliouimba harusini kwa Jannat.

Aliimba kwa hofu mwanzoni, kisha kwa hasira, kisha kwa raha aliyokuwa ameisahau, na katikati ya ubeti wa pili harufu ya asumini iliyooza ikaingia kutoka chini ya mlango, ikajaa chumbani, ikamlalia ulimini, na kelele zote za mji, kunguru, feni, bomba linalovuja, zikazimika kama taa, akahisi pumzi ya moto nyuma ya shingo, pumzi ya mtu mrefu aliyelazimika kuinama ili aifikie, na alitaka kunyamaza lakini mdomo wake haukutaka, ukaendelea kuimba wenyewe huku mkono asiouona ukimtoa nywele sikioni taratibu, kwa mapenzi kabisa, na sauti ile nzito iliyokuwa ikiguna ndani ya kaseti ikamwambia neno moja.

"Pandisha."

Akaipandisha. Waliotoka msikitini waliisikia toka kona ya mtaa.

Siku ile ile alama za shingo ya Taib zilififia. Katana akasikia, Samuel akakunjua vidole. Taib alipoiweka kaseti jioni, akakuta Nana hayumo, ni sauti ya mkewe tu mwanzo mpaka mwisho, alipanda ngazi akifoka. Alifungua mdomo kumtukana, na dirisha zito la mbao likajifunga lenyewe juu ya mkono wake. Vidole viwili vilivunjika. Mahira alikuwa ameketi kando akichambua mchele. Hakushtuka. Alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu aliyetetewa mbele ya wakwe.

Tangu hapo Taib hakuweza kumkaribia. Akiketi karibu naye, chai humwagika mapajani mwake. Akimwita kwa jina, fizi humtoka damu. Mahira aliimba kutwa, akipika, akifua, akisuka ukili, na majirani walisimama chini ya dirisha kumsikiliza mpaka wakaanza kuziba masikio, mmoja mmoja, wakaenda zao. Alikonda. Hakulala. Nyakati nyingine macho yake yalimtafuta Taib kwa hofu, midomo ikiendelea kuimba, na hapo Taib alijua kuwa mkewe bado yumo ndani na anamwita.

Akamleta Maalim Khubaib. Siku tatu Maalim alisoma, akafukiza ubani, akamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya. Siku ya tatu Mahira alimgeukia akasema kwa sauti ya kiume, taratibu, "Wanitoa niende wapi? Yule aliniziba mdomo miaka arobaini. Huyu aniimbia. Na huyu ajua wivu ni nini."

Maalim alikunja msala wake. Mlangoni alimvuta Taib pembeni. "Bwana, huyu si jini mpotevu. Huyu ni mume wa mtu. Mtafuteni mwenyewe."

Hawakuhitaji kumtafuta. Jumanne asubuhi Nana alibisha hodi.

Taib alifungua. Mbele yake alisimama ile sauti aliyoilia tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano, imevaa doti mpya ya leso, imejipaka hina mpaka viwikoni.

"Bi Nana, Mungu akulipe! Umekuja kumwokoa mke wangu."

"Yuwapi?" Nana aliuliza, akampita bila kumtazama.

Mahira alikuwa sebuleni, ananyonga sauti juu ya wimbo uleule. Nana aliketi mbele yake, magoti yakagusana.

"Ijumaa ile mchana niliamka nikajikuta peke yangu," alisema, na hakuwa akisema na Mahira. "Nikamshukuru Mungu. Nikaimba, nikatoka nje nikaimba barabarani mbele ya malori, hakuna aliyedhurika. Nikasema niko huru. Jumamosi nikatandika kitanda upande mmoja. Jumapili nikalia, kisha nikaifuata harufu yako mpaka hapa." Sauti ikamkatika. "Umekwenda kwa mwanamke mwengine. Kwa hili! Mimi uliniharibia ujana wangu wote, nami sikukufukuza, na wewe wanifanyia hivi?"

Mahira akaacha kuimba.

"Rudi kwetu," Nana alisema. "Sitakunyamazisha tena."

Akaanza kuimba. Ulikuwa ule wimbo wa tatu, kwa sauti ya mwanamke mzima, iliyopasuka hapa na pale, na Taib aliyekuwa mlangoni hakuvumilia, akaziba masikio yake mwenyewe akaangukia ukutani, kwa sababu chumba kilikuwa kinabanwa kama ngumi, taa zikiyumba bila upepo, vyombo vikigongana kabatini, na harufu ile ikatoka kwa Mahira kwa mawimbi, mdomoni, kwenye nywele, chini ya kucha, ikavuka hatua moja iliyowatenga wale wanawake wawili, mpaka kichwa cha Nana kikainama upande, taratibu, kikapata pa kuegemea, ingawa hapo palikuwa na hewa tu.

Mahira alianguka mikononi mwa mumewe. Nana aliinuka, akajirekebisha leso. Aliwatazama wote wawili kama mtu anayetoka nyumba ya watu asiopanga kuwaona tena.

"Usimfuate," alimwambia Mahira, na halikuwa onyo la huruma.

Akateremka. Taib alishika kichwa cha mkewe, akilia. "Alhamdulillahi. Ameondoka. Mahira, ameondoka."

Mahira alijikokota mpaka dirishani. Chini, Nana alikuwa akienda zake uchochoroni, ubavu mmoja umeegemea kama mke aliyeshikwa mkono, akicheka kwa jambo alilonong'onezwa. Watu walimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika, bila wenyewe kujua kwa nini.

Alipopotea kwenye kona, Mahira akaanza kulia kwa kwikwi. Taib alimkumbatia, akimwambia yameisha, alie tu, ni machozi ya kushukuru.

Mahira aliendelea kuitazama kona ile. Akamwacha aamini hivyo.