Santuri Isiyo na Jina la Mwimbaji

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Magdalene, na yeye si mtu wa kubuni mambo. Kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani kule Erdington, ughaibuni. Desemba iliyopita, alipoingia duka la mitumba kumtafutia bibi mmoja anayemtunza soksi nzito, alikuta santuri kuukuu ya nyimbo za Latvia. Ganda halikuwa na jina la mwimbaji. Bibi huyo, Velta, alitoka Latvia akiwa msichana, basi Magdalene akainunua akitumaini itamfurahisha.

Saa kumi na nusu jioni, kama ilivyo kule majira ya baridi, giza lilikuwa limeshajaa dirishani. Akaiweka santuri kwenye gramafoni ya Velta, akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda. Mwanamke akaimba polepole, piano ikimfuata. Wimbo ulipokwisha, sindano iliendelea kukwaruza, kisha mwanamke yule akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemo chumbani.

"Anasemaje?" Magdalene akauliza.

Velta alikuwa ameng'ang'ania shuka kwa mikono yote miwili. "Anauliza wewe ni nani."

Magdalene akajaribu kucheka. "Si maneno ya wimbo tu hayo?"

"Sasa anasema umekalia kiti chake."

Magdalene akainuka upesi, akarudi nyuma hadi mlangoni. Sindano ikakwaruza, ikakwaruza. Halafu sauti ile ikatoka tena kwenye santuri, neno moja tu, kwa Kiswahili, na safari hii Magdalene hakuhitaji mkalimani.

"Asante."