Kopo la Meza ya Wazoefu

Hakuna anayekijua kisa hiki kunishinda mimi, hata polisi waliokipeleleza. Tofauti ni ndogo tu: wao walikuwepo, mimi nilikuwa nimelala.

Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Kizimba kilikuwa kizima. Kopo ndilo halikuwepo.

Inspekta Sufyan alichuchumaa mbele ya kile kizimba cha chuma, magoti yakalia kama mlango mkongwe. Ndani yalipangwa makopo ya kunywea bia, ya udongo wa kuchoma, kila moja na kifuniko chake cha bati, na kila moja na mwenyewe. Mteja mzoefu hanywi katika bilauri ya kila mtu. Anafunguliwa kizimba, anapewa kopo lake, akimaliza linaoshwa na kufungiwa tena. Ndivyo wafanyavyo watu wa Bavaria huko kwao Ujerumani, na ndivyo walivyofanya hapa Pipa la Dhahabu, ukumbi wa bia uliokuwa chini ya hoteli moja ya Dubai Marina. Kulikuwa na meza ndefu za mbao, wahudumu waliofungwa kamba vifuani kama mizigo, na kiyoyozi cha kugandisha masikio.

"Kufuli halijavunjwa," alisema fundi wa alama za vidole. "Limefunguliwa kwa ufunguo, halafu likafutwa. Nimepata nyuzi chache za pamba nyeupe, basi."

"Nyeupe za nini?"

"Leso, glavu, kitambaa cha meza. Humu kila kitu cheupe, sir, isipokuwa nyama."

"Na kamera?"

Fundi akaonyesha darini. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa sherehe za bia, na bendera za miraba ya buluu na nyeupe zilikuwa zimetundikwa mbele ya kamera pale pale. Mchana kutwa kamera ilikuwa imerekodi bendera.

Sufyan hakuwa na haraka. Alizaliwa Deira, lakini wazee wake walitoka Unguja, na nyumbani kwao kilisemwa Kiswahili. Tangu mama yake afariki, Kiswahili hicho kilikaa kabatini kama sahani za wageni. Nyumba yake ya Mirdif ilikuwa na vyumba vingi na televisheni moja iliyozungumza peke yake. Aliposikia kwamba wafanyakazi wa ukumbi ule karibu wote ni wa Afrika Mashariki, aliichukua kesi ambayo wenzake waliikimbia kwa kicheko.

Meneja alikuwa Madam Rebecca, Mkenya wa Nakuru, aliyeanza kazi hapo kwa kufuta meza na sasa aliwafuta watu.

"Ufunguo ni mmoja, na anao Joweria," alisema. "Kopo ni la Mzee Alois, yeye ndiye aliyewapigia simu. Amelirithi kwa babu yake. Alhamisi anarudi Ujerumani kabisa, na alikuwa aende nalo. Nimeshamwambia Joweria. Tukifunga leo halijaonekana, khalas. Namwandikia kafeel, mdhamini wake, afute viza."

"Hata kama hakuiba?"

"Ufunguo ulikuwa wake, afande."

Joweria, Mganda wa Iganga, aliketi pembeni kabisa mwa benchi kama mtu aliyekodishwa nafasi ya nusu tako.

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwa mfuko wa aproni."

"Na aproni?"

"Kwa mwili."

"Mchana wote?"

Joweria akakunja pindo la aproni.

"Bibi, mimi si kafeel wako."

"Nikisema, Madam atanifukuza kwa hiyo nyingine."

"Kwa hii anakufukuza leo jioni. Chagua."

Joweria alicheka bila kupenda, akajifuta macho. "Ninaswali, afande. Alasiri, kwa stoo ya viazi. Bia nabeba, sinywi, lakini aproni inanuka. Siwezi kusimama mbele ya Mungu na harufu hiyo. Naiacha kwa msumari, kwa korido."

"Na ufunguo ndani."

"Na ufunguo ndani. Wadogo zangu wote wanakula kwa mkono huu, afande. Ningeiba kikombe cha nini?"

Sufyan alikuwa amewahoji wezi wengi walioapa kwa jina la Mungu. Huyu alikuwa wa kwanza kuponzwa kwa kumheshimu.

"Nani hupita korido hiyo?"

"Faustine mpishi. Na Gerishom, mlinzi wa mlangoni, akienda chooni. Madam hapiti. Anasema inanuka vitunguu."

Jikoni Sufyan alisimama kizingitini. Ndani, vifundo vya miguu ya nguruwe vilikuwa vinaokwa mpaka ngozi ikapasuka kwa sauti, na madonge ya viazi, makubwa kama ngumi ya askari, yalikuwa yanaogelea sufuriani. Kabichi iliyochachushwa ilipuliza harufu iliyomfanya akumbuke viatu vya mafunzo.

"Shikamoo, afande," alisema Faustine, Mhaya wa Bukoba mwenye mashavu ya kazi yake. "Karibu, ila usivuke huo mstari mwekundu. Upande huu ni wa nguruwe."

"Marahaba. Alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Hii nyama ukiigeuzia mgongo, ngozi inakuwa soli."

"Glavu zako?"

Faustine akainua mikono. Plastiki.

"Mzee Alois unamjua?"

"Nani hamjui? Fundi mstaafu wa lifti. Majengo yote haya unayoyaona, yeye ndiye kawapandisha watu. Anakuja kabla hatujafungua, Madam anamruhusu. Zamani pale meza ya wazoefu walikuwa kundi zima, wanapiga kelele mpaka sufuria zinajibu. Wengine wamerudi kwao, wengine wamezikwa. Sasa anakaa peke yake meza ya watu kumi, na bado anaagiza sahani mbili."

"Ya pili nani anakula?"

"Sijui, afande. Mimi nampelekea dirishani, narudi kwenye moto. Ila inarudi tupu. Hata mchuzi umepanguswa na mkate."

Faustine alienda upande wa pili wa jiko, akarudi na bakuli. Tambi nene zilizozama katika jibini, na vitunguu vya kukaanga juu yake. "Hii haina nguruwe wala bia. Jiko lake mbali, sufuria yake mbali. Kula, afande, umesimama mno."

Sufyan alisema hapana, kisha akala. Alikula mpaka kijiko kikagonga chini.

"Imekutosha?" aliuliza Faustine.

Swali hilo halikuwa limemfikia siku nyingi. Ilibidi ajifanye anatafuta kitu katika simu yake.

Mzee Alois alikuwa kwenye meza ya wazoefu, mwembamba kama mlingoti, suruali yake ikining'inia kwa mikanda ya mabegani. Sufyan alipoketi, mzee aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Hiyo nini?" Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na cha kwao.

"Salamu. Meza hii hatupeani mikono. Unagonga ukuni, umewasalimu wote."

"Nani mwingine anaijua?"

"Wazoefu tu. Wamekwisha."

"Na sahani ya pili?"

"Nina tumbo kubwa," alisema mzee, naye hata kivuli hakuwa nacho cha kutosha.

Sufyan hakubishana. "Kopo lisipopatikana, utasafiri?"

"Nimemwambia kila mtu humu kwamba siendi bila hilo kopo. Binti yangu ameshanitafutia chumba katika nyumba ya wazee. Ameniletea picha. Dirisha linatazama maegesho ya magari." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Ni magari mazuri."

Sufyan alimwomba akae meza ya mbali kidogo, akamwita mlinzi.

Gerishom aliingia na koti lenye vifungo vya dhahabu, kofia, na glavu nyeupe za pamba. Alikuwa Mkenya wa Vihiga, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeimba bezi kanisani.

"Kaa, kijana."

Gerishom alivua kofia. Akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, akakaa.

Hakujua alichokifanya. Sufyan akajikohoza taratibu.

"Kazi yako nini?"

"Mlangoni, afande. Nafungua, nasema karibu, nafunga."

"Wanakujibu?"

"Wageni? Wanajibu simu zao."

"Ndani huingii?"

"Tumekatazwa. Ndani napitia korido tu, kwenda chooni. Ukumbi wenyewe nauona mlango ukifunguka."

"Hujawahi kukaa meza hii?"

"Hata siku moja, afande. Aki ya Mungu."

"Na kwenu Vihiga, mtu akifika mezani hugonga?"

"Kugonga nini?"

"Hivi." Sufyan akagonga mara mbili.

Gerishom alitazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha akazivua glavu, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

"Madam ataniua," alisema.

"Madam baadaye. Kopo liko wapi?"

"Kwa kabati ya vitu vilivyosahaulika. Pale mlangoni. Mimi ndiye naiweka."

Humo ndimo mlinzi alimotunza miwani, miavuli na viatu vya watoto vilivyoachwa na wageni. Askari wawili walikuwa wamelipekua lile kabati tangu juu mpaka chini. Waliliona sweta kubwa la sufi limeviringishwa, wakaliacha. Nani angefungua sweta Dubai? Kopo lilikuwa ndani yake, zima, limelala kama mtoto; likaletwa mezani.

"Ulitaka kuliuza?"

"Hapana, afande. Nani atanunua kikombe cha mzee?"

"Basi?"

Gerishom alizipanga zile glavu sambamba mezani.

"Nimesimama hapo mlangoni tangu nije Dubai. Chumba tunacholala, Al Muraqqabat, mimi nikiingia wenzangu wanatoka. Tunajuana kwa mashuka. Huyu mzee siku moja alisimama akaniuliza jina. Kesho yake akalikumbuka. Akaanza kuniingiza asubuhi kabla ya kufungua, akaniagizia hiyo nguruwe, nikala kama mtu. Akanifundisha kugonga. Ananieleza lifti zake, mimi namweleza ng'ombe wa mamangu. Hata haelewi nusu."

"Na akasema anaondoka."

"Alhamisi. Lakini alisema haendi bila kikombe. Kwa hivyo nikaona..." Akaacha hapo. "Sikujua ufunguo ni wa kumfukuzisha Joweria. Nilisikia jioni hii. Nimekuwa nikisimama hapo nje nikijiambia niingie niseme, na miguu inakataa."

"Huu ni wizi, kijana. Ni jela, halafu ndege ya kwenu."

"Najua, afande."

Sufyan aliandika, kwa sababu ilimbidi. Mkono ulikuwa mzito. Madam Rebecca, aliyekuwa amesimama nyuma akisikiliza, alimtazama Joweria mara moja, akasema, "Basi wewe rudi kwa kazi," na hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yake ya msamaha. Joweria alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye sakafu, akapumua.

"Bibi," Sufyan alimwambia alipotulia, "nitafutie yule mzee. Alikuwa hapo sasa hivi."

Mzee Alois alikuwa ameingia koridoni, chini ya ule msumari wa aproni. Joweria alimkuta huko, akamweleza yote kwa Kiingereza: kabati, sweta, jela, ndege. Walichelewa kurudi. Sufyan aliwasikia wakinong'ona, akadhani mzee analia.

Hakuwa analia. Alikuja ameinua kidevu, mikanda imenyooka mabegani. Akagonga meza mara mbili. Gerishom, ameinamisha kichwa, akagonga pia.

"Inspekta," alisema mzee, "lazima nikiri. Kopo halikuibwa. Nilimpa kijana huyu mimi mwenyewe, kama zawadi. Kisha nikapiga simu polisi nikadanganya."

"Kwa nini udanganye?"

"Uzee."

"Ulimpa na ufunguo pia?"

"Na ufunguo pia. Niliutoa katika aproni. Nina vidole vyepesi."

Gerishom aliinua uso. "Mzee, hapana."

"Nyamaza, Gerishom. Wakubwa wanazungumza."

Sufyan aliweka kalamu chini. Alijua anadanganywa, mtoto wa chekechea angejua. Alijua pia kwamba bila mlalamikaji hakuna wizi, na bila wizi kijana yule angerudi mlangoni kwake.

"Mzee wangu, fikiri vizuri kabla sijaandika," alisema. "Kutoa taarifa ya uongo polisi nayo ni kesi. Pasi yako itabaki kwetu mpaka iishe. Hiyo ndege ya Alhamisi itaruka bila wewe."

"Lo," alisema Mzee Alois. "Haitangoja?"

"Haitangoja."

"Na binti yangu amekwisha lipia kile chumba. Ni hasara kubwa." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sheria ni sheria. Sikujua jambo hilo."

"Hukujua kabisa?"

"Kabisa."

Joweria alikuwa amesimama kando, ameshika aproni. Jioni nzima alikuwa ameambiwa aseme ukweli, na bado ukweli ulikuwa mdomoni. Aliusema kwa Kiingereza, ili na mzee mwenyewe asikie.

"Afande, ameniuliza pale korido. Ameniuliza kama mtu akidanganya polisi anazuiliwa kusafiri. Nikasema ndiyo, anazuiliwa, rafiki yangu alikwama hivyo hivyo. Akaniuliza tena: kwa muda mrefu?"

Wote wakamgeukia mzee. Mzee Alois akalivuta kopo lake, akalinyanyua kwa mikono miwili mpaka uso wote ukafichika nyuma yake, akanywa, akanywa, akanywa.

Halikuwa na kitu.