Goti la Kaviha

Adhuhuri ile Nyevu aliingia chumbani akakuta mguu wa mti wa mumewe umelowa tembo la mnazi, na nyumba yao ya Kisauni haikuwa na tembo hata tone.

Kaviha, mumewe, mguu wa kulia aliuacha vitani, huko Bama, alikopelekwa na jeshi la Waingereza. Hospitali ya jeshi ilimpa wa bandia wenye goti la chuma linalokunjika, jambo jipya ambalo majirani walikuja kulitazama, lakini sehemu yake ya mti ikapasuka. Nao ukoo wake kule Kaloleni, uliodanganywa na uvumi kwamba amekufa, ulikuwa umemchongea mti wa koma, nguzo ya mzimu inayomwagiwa tembo, na kuusimika kwa jina lake, ili roho yake irudi ikae hapo. Kaviha, mbishi wa kuzaliwa, akaung'oa.

"Si umechongwa kwa jina langu? Basi ni wangu," alisema, akampelekea Faki seremala auunge na lile goti.

Na alitembea, jamani. Alitembea hata akarudi kwenye kibarua chake bandarini, na Nyevu akalia kwa furaha.

Baada ya adhuhuri ile ya tembo, goti likaanza kujikunja lenyewe, mguu ukiwa umeegemezwa ukutani Kaviha alipolala mchana, polepole, chuma kikilia, na Kaviha naye akawa anasema usingizini kwa sauti isiyo yake, sauti kavu ya mwenye kiu, ikiuliza mlango uko wapi, ikiuliza tena na tena, mpaka Nyevu akashindwa kukaa ndani, akakimbilia kwa mganga Baya.

Baya alimsikiliza, akashusha sauti.

"Mama, roho iliitwa ije ikae, na mwenyewe yu hai. Sasa aliyeitikia ni nani?"

Alimwagiza aurudishe mti kimya kwenye shimo ulikong'olewa, asitaje jina la mtu, na jini lililoitikia litaufuata. Kaviha alikataa katakata; bila mguu ule angerudi kutambaa. Nyevu akauiba mumewe akiwa amelala.

Kule Kaloleni aliusimika, akamwaga tembo. Maneno, kwa mazoea ya mila aliyoiona tangu utotoni, yakamponyoka: "Kaviha, pokea, utulie." Alishtuka, kisha akajipa moyo kwamba neno moja si kitu.

Kesho yake alirudi Kisauni, akamkuta mumewe ameketi kitandani, mtulivu. Akapiga magoti, akamwita kwa jina amwombe radhi.

Mwanamume yule alimtazama kwa upole.

"Kaviha umeshampeleka kwao," alisema. "Hapa nimebaki mimi."