Nunua kwa Tufaha, Uza kwa Jibini

"Tema, nimesema. Usimeze."

Bastien Quivron akameza.

Odile akapiga meza kwa kiganja mpaka uma zikaruka. "Umemeza tena. Wewe ni mtu au ni mtaro?"

"Mama, kitu chenyewe kitamu. Nakitemaje?"

"Tangu asubuhi unameza tu. Ukiingia ghalani huku unayumba watakujua kabla hujafungua mdomo."

"Basi nipe nyingine."

"Sikupi. Kwanza niambie hiyo uliyomeza umesikia nini mdomoni."

Bastien akafikiria. Akalamba midomo. "Mvinyo."

Mama mkwe wake akaziba uso kwa mikono.

Huyu Bastien si mtu mdogo. Kule Idarani, kwa majasusi wa serikali, wanamwita Mbweha. Ameshawahi kutegua bomu ndani ya lifti huku lifti inashuka. Ameruka kutoka kwenye treni na pingu mikononi, akafika chini akiwa mzima. Ila ni mtoto wa Lille, kule kaskazini mwa Ufaransa, kwenye bia, chipsi na kome. Na Odile Rebourseau ameuza mvinyo hapa Beaune miaka na miaka, hajawahi kumsamehe binti yake kuolewa na mtu wa bia.

Sasa Idara imemwambia Mbweha ajifunze kuonja. Haraka. Mwalimu wa karibu ndiye huyo.

"Tena," Odile akasema, akamimina nyekundu kidogo tu, funda moja. "Zungusha. Nusa. Vuta na hewa kama unavuta mchuzi wa moto. Halafu kaza midomo, utoke mstari mmoja. Kama bomba."

Bastien akatema.

Ikamtoka ubavuni mwa mdomo, ikashuka kidevuni, ikaingia kwenye shati jeupe.

"Binti yangu," Odile akaiambia dari, "ulikosa nini nyumbani?"

Bastien akajifuta. Akachukua chupa ya nyeupe. "Hebu nianze na hii. Kitabu kinasema nyeupe kwanza, nyekundu baadaye."

"Kitabu cha nani?"

"Cha watu wote, mama."

"Hao watu wote wakaonjee kwao. Ghala za huku tunaanza na nyekundu, tunamaliza na nyeupe, inaosha mdomo. Hata mtoto wa hapa anajua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukianza na nyeupe ghalani, umeshasema wewe ni mgeni."

Akasukuma sahani ya jibini mbele yake. Lile jibini laini la harufu, lenye ganda la rangi ya machungwa. "Kula, halafu onja."

Ile nyekundu iliyokuwa inakausha ufizi kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika, ghafla ikalainika.

"Sasa hii." Akamkatia kipande cha tufaha.

Bastien akatafuna, akanywa, akakunja uso. Ule ukali umerudi, na ndugu zake.

"Mafuta na chumvi yanaficha. Tufaha linafichua," Odile akasema. "Wafanyabiashara tuna msemo: nunua kwa tufaha, uza kwa jibini. Mtu akikung'ang'aniza ule jibini kabla hujaonja, jiulize anaficha nini."

Simu ikatetema juu ya meza. Ni Idara.

"Mbweha."

"Nakusikia, Mnara."

"Tumenasa ujumbe wa wale wa silaha za magendo. Unasema: Mzee akinywa, wote wamekunywa."

"Lini?"

"Mchana huu. Kwenye karamu ya mawaziri."

"Kwa Gaspard?"

"Kwa Gaspard Rebourseau."

Odile akaweka kisu chini. Polepole.

Gaspard ni kaka yake. Mwenye ghala kubwa kule Pommard. Leo analisha mawaziri watano waliokuja kusaini mkataba wa kufunga njia ya silaha za magendo. Na kwa Gaspard desturi ni moja: mwenye nyumba anakunywa wa kwanza, amesimama, meza nzima inamwangalia. Akimeza, wengine ndio wanainua glasi.

Akimeza.

"Vunjeni karamu," Bastien akasema.

"Hapana. Ukivunja wanatoroka, wanarudi kwingine. Tunamtaka mtu wao pamoja na sumu yake. Usimwambie mzee, ana mdomo kama redio. Mwisho."

Simu ikakatika.

"Kwa hiyo kaka yangu ndiye chambo," Odile akasema.

"Mama."

"Usiniite mama. Nina kaka mmoja tu."

Bastien akavaa koti. Bastola ya Glock kwapani. Kifaa cha sikioni, kidogo kama punje ya mtama. Mfukoni, pakiti ya karatasi za maabara kutoka Paris: chovya kwenye sumu, inageuka zambarau.

"Hatameza," akasema. "Nakuapia."

Odile akamtazama yeye na shati lake lenye doa. Akachukua tufaha zima, jekundu, akamtumbukizia mfukoni.

"Nenda."

Peugeot 508 ikatoka kwenye kona kama imefukuzwa. Mizabibu kushoto, mizabibu kulia. Mita inasoma mia na arobaini.

Getini kwa Gaspard, walinzi wa mawaziri. Suti nyeusi, miwani nyeusi, hakuna salamu.

"Silaha."

"Mimi ni mkwe wa nyumba hii."

"Silaha, mkwe."

Glock ikabaki getini.

Mjomba Gaspard alikuwa sebuleni, kitambi mbele, amejifunga skafu ya hariri. Akamwona Bastien akafungua mikono.

"Mtu wa bia! Mawaziri, ficheni glasi zenu, huyu atatia barafu."

Mawaziri wakacheka. Bastien naye akacheka. Hakuna kinga nzuri kama kudharauliwa.

"Mjomba, mama Odile ananifundisha kuonja. Nimekuja kufanya mazoezi."

"Dada yangu ana subira siku hizi. Shuka ghalani, mwone Firmin, mtunza ghala. Ni mpya, yule wangu wa siku zote amevunjika mguu. Ila Firmin ni mtoto wa hapahapa Pommard, kazaliwa katikati ya mapipa. Atakuonyesha."

Bastien akashuka ngazi za mawe.

"Mnara, naingia chini."

"Mbwe... rudia... hatu..."

Kimya. Mawe mazito. Mawimbi hayapiti.

Alikuwa peke yake.

Ghala lilikuwa refu, la baridi, taa za manjano. Mapipa pande zote mbili, changarawe chini. Kwenye meza ya mbao, majagi matatu ya kioo yamejaa nyekundu, yamefunikwa vitambaa vyeupe. Pembeni, sinia la jibini.

Firmin alikuwa kijana wa mabega mapana, aproni ya bluu, tabasamu la haraka. Mhudumu mmoja, msichana wa suka moja, alikuwa anasubiri na sinia tupu.

"Karibu, kaka. Wewe ndiye wa Lille? Pole na mvua za kwenu."

"Na wewe pole na milima yenu midogo."

"Aa, una mdomo. Haya, tuone kama unajua kuutumia." Firmin akachukua ule mrija wa kioo wa kuvutia mvinyo pipani, akautumbukiza, akaziba kwa kidole gumba, akamimina kwenye glasi mbili.

Ilikuwa nyeupe.

Bastien akaiangalia.

Nyeupe. Kwanza.

Mtoto wa Pommard, kazaliwa katikati ya mapipa, na amemwanzishia mgeni nyeupe. Kwa kitabu cha watu wote.

"Vipi, unaogopa?" Firmin akauliza.

"Nanusa kwanza. Mama mkwe kanikataza papara."

"Mama mkwe anakutawala mpaka ghalani? Pole sana, kaka."

Bastien akazungusha, akanusa, akaonja, akatema kwenye changarawe. Safari hii nusu ilienda mbele, nusu kwenye kiatu. Firmin akacheka sana. Alipogeuka kurudisha mrija, Bastien akasogea mezani, akachovya karatasi ya Paris kwenye jagi la kwanza.

Ikageuka zambarau.

La pili. Zambarau.

Akachovya kwenye tone la mvinyo lililomwagika mezani, la pipa lolote lile. Zambarau vilevile.

Mvinyo mwekundu unageuza kila kitu zambarau. Wataalamu wa Paris hawakuliwaza hilo.

"Hizo ni za wakubwa," sauti ya Firmin ikasema nyuma yake. Taratibu.

"Niibie hata funda, bwana. Nikasimulie nyumbani."

Firmin akamtazama. Halafu akatabasamu, akakata kipande kinene cha jibini. "Kula hili kwanza. Ndiyo utamu wake."

"Baadaye."

"Hapana, kula kwanza. Bila jibini hutaielewa."

Jiulize anaficha nini.

Bastien akatoa tufaha mfukoni, akaling'ata. Paa. Akachovya kidole kwenye jagi la kwanza, akalamba.

Ukali wa kawaida. Chai iliyolala.

La pili. Vilevile.

La tatu.

Uchungu ukamchoma katikati ya ulimi kama mwiba. Haukuwa uchungu wa zabibu. Akainama, akatema papo hapo, akatema tena na tena.

Alipoinua kichwa, bastola ilikuwa inamwangalia. Walther, mdomo mrefu wa kuzuia sauti. Na pale meza ilipokuwa na majagi matatu, palikuwa na vitambaa vitatu vitupu. Yule msichana wa suka moja, ambaye hakuona chochote, alikuwa ameshayapakia kwenye sinia akiwapa mgongo, anamalizia ngazi kwenda juu.

Mlango wa juu ukafungwa.

"Nani kakufundisha tufaha?" Firmin akauliza. Lafudhi ya Pommard ilikuwa imeondoka. Sasa alikuwa mtu wa mbali.

"Mama mkwe."

"Namheshimu mwanamke huyo." Firmin akatoa kichupa aproni mwake, akakimimina chote kwenye glasi, akaongeza nyekundu. "Risasi inaacha tundu, walinzi wanaanza kuuliza. Hiki kinaacha mlevi wa kaskazini aliyeanguka ghalani. Kunywa."

"Bila jibini?"

"Kunywa."

Bomba la bastola likamgusa paji la uso. Bastien akapokea glasi. Juu, kwa mbali, viti vilikuwa vinaburutwa. Watu wanakaa mezani.

Akajaza mdomo.

Ulimi ukaanza kufa papo hapo, kama umelala juu ya barafu.

"Meza."

Bastien akakaza midomo.

Mstari mmoja. Kama bomba.

Ukamwingia Firmin macho yote mawili.

Jamaa akapiga yowe, bastola ikakohoa, risasi ikatoboa pipa, mvinyo ukaanza kukojoa ukutani. Bastien akashika mkono, akauvunja kiwiko kwenye ukingo wa meza. Akachukua nyundo ya mbao ya kufungulia mapipa.

Moja tu. Nyuma ya sikio.

Firmin akalala kwenye changarawe.

Bastien akaweka mdomo chini ya lile tundu la pipa, akasukutua, akatema, akasukutua. Ulimi haukurudi. Akaokota bastola, akaipachika kiunoni kwa nyuma. Akaokota na tufaha.

Akapanda ngazi tatutatu.

Chumba cha chakula kilikuwa kimya kwa heshima. Kitambaa cheupe, maua, sahani za jibini zilizokwisha guswa, nyama ya ng'ombe iliyopikwa ndani ya mvinyo inafuka moshi. Mawaziri wameshika glasi, wanasubiri. Kwenye kichwa cha meza, Mjomba Gaspard amesimama, amefumba macho, glasi imeinama.

Mdomo umejaa. Anauzungusha mvinyo taratibu, kama anavyofanya siku zote.

Hajameza.

"Njomfa, thifeze," Bastien akasema.

Ndicho kilichotoka badala ya "Mjomba, usimeze." Ulimi ulikuwa gogo.

Waziri mmoja akanong'ona, "Mlevi huyo." Mwingine akageuza uso. Shati limelowa nyekundu mpaka kiunoni, nywele zimesimama, kiatu kimoja kinachuruzika. Walinzi wawili wakamrukia, wakamkunja mikono. Mmoja akaipapasa Walther.

"Ana bastola. Chini. Chini sasa hivi."

Goti likamkandamiza mgongoni. Gaspard akafumbua macho, amekasirika. Shingo yake nene ikajikunja, tayari kumeza amalize aibu hii.

Bastien akachomoa mkono mmoja, sijui kwa nguvu gani, bega likalia. Akauinua juu ya ukingo wa meza.

Tufaha. Limeng'atwa.

Kwa kidole akaonyesha jagi lililo mbele ya mzee.

Gaspard akaliangalia tufaha.

Mawaziri waliona tunda tu. Lakini Gaspard alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, mjukuu wa mfanyabiashara. Huku hakuna anayeleta tufaha mbele ya mvinyo isipokuwa anatafuta ubaya wake. Na tufaha hilo limeshang'atwa. Maana yake ubaya umeshapatikana.

Katika maisha yake yote mzee hajawahi kutema mezani. Ghalani, sawa. Mezani, mbele ya wageni, kwenye kitambaa cha marehemu mama yake, bora afe.

Akavuta pumzi kwa pua.

Akatema. Mstari ulionyooka, mrefu, ukavuka chombo cha maua, ukatua kwenye sahani ya waziri.

"Asiguse mtu glasi," akasema. Akashika ukingo wa meza. "Ulimi wangu umekufa ganzi. Mwachieni mkwe wangu."

Mchana ule Idara ikaja na magari matatu. Firmin akatolewa ghalani amefungwa kama furushi, macho yamevimba. Kichupa kikaingia kwenye mfuko wa plastiki. Mjomba akapimwa, akaambiwa apumzike, akakataa, akadai chakula.

Odile alikuja kwa miguu yake kutoka kituo cha basi. Akamkuta kaka yake jikoni anagombana na daktari kuhusu jibini. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamwachia. Halafu akafungua mkoba, akatoa chupa yenye vumbi.

Bastien aliijua. Chupa hiyo iliwekwa mwaka wa harusi yake, na kila alipokuja mama alisema haijaiva.

Odile akaing'oa kizibo, akamimina. Glasi nzima.

"Hii ukiitema nakuua."

Ulimi ulikuwa umeanza kurudi. Bastien akazungusha. Akanusa. Akavuta na hewa.

Akameza.

Gaspard akaacha kugombana. Hata daktari alisubiri.

"Haya," Odile akasema. "Umesikia nini?"

Bastien akaweka glasi mezani. Akatoa tufaha lililoliwa nusu, akaliweka kando yake. Akafunga vifungo vya koti juu ya shati lililoharibika.

"Mvinyo, mama."

Akatoka, akafunga mlango.