Magofu Aliyotaka Kuyaona Babu

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Kwanini alifuta meza ya jikoni na kutandaza ramani. Jina hilo alipewa na babu yake kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha. Mama yake, muuguzi, alikuwa amepata likizo ya wiki moja, naye Kwanini, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikabidhiwa kazi ya kupanga safari: siku tatu kwenye visiwa vyenye jua na mchanga, kisha siku moja kwenye magofu ya mji wa kale.

Magofu ndiyo hasa yaliyomvutia babu. Alifanya kazi ya uashi miaka arobaini, na alitaka kuona kwa macho yake jinsi kuta zisizo na saruji zilivyodumu karne nyingi. Shida ilikuwa magoti yake.

"Kuna ngazi huko?" aliuliza babu.

"Chache tu, babu."

"Umempigia simu mlinzi wa magofu, kama nilivyokuambia?" mama aliuliza.

"Nimempigia."

Hakupiga. Alikuwa amezama kwenye visiwa: kipi kina kasa, kipi kina mnara wa taa. Katika kijitabu cha wageni aliona picha yenye vipandio vitano, akaona yamekwisha.

Jumamosi, mama alipokuwa akijiandaa kwenda kukata tiketi, Kwanini aliichunguza tena picha ile kwa kioo cha kukuzia. Alitaka kujua mafundi wa kale walijengaje matao. Ndipo alipoona watu juu kilimani, wadogo kama punje za mchele, na mstari mwembamba ukipanda kuwafikia. Mstari huo ulikuwa ngazi.

Barazani babu alikuwa akipiga viatu rangi kwa ajili ya safari, huku akipiga mluzi. Kwanini aliona aibu.

"Mama, subiri. Sikupiga simu. Nilidanganya."

Mama akaweka mkoba chini. "Wewe unayeuliza mpaka mbu analala wapi, swali hili moja limekushinda? Haya, piga sasa hivi."

Mlinzi alikuwa mchangamfu. "Vipandio mia mbili na kumi na vinne, binti. Mimi mwenyewe napumzika mara tatu."

Kwanini alinyong'onyea, lakini hakukata simu. "Hakuna gofu lililo chini, lenye kuta za zamani vilevile?"

"Lipo. Ghala la bandari ya kale, kwenye kisiwa kidogo. Ukishuka botini ni hatua chache, njia tambarare. Wageni hawaliulizii."

Mpango ukabadilishwa. Wiki iliyofuata babu alisimama ndani ya ghala hilo, kiganja kikiwa ukutani, akicheka peke yake kwa furaha.

"Babu, nisamehe kwa ule uongo," Kwanini alisema.

"Nilishakusamehe. Ila nisikilize. Nilipokuwa kazini, msaidizi akiniambia jukwaa limefungwa vizuri, nilipanda bila kukagua. Ukisema umeuliza, kuna mtu atapanda juu ya neno lako. Safari hii angepanda babu yako, kwa magoti haya haya."

Kwanini alimshika babu mkono, wakaendelea kuufuata ukuta polepole.