Diski ya Marehemu

Usinibinulie mdomo, wewe hukuwepo. Shoga yangu mshonaji alifiwa na binti, akabakiwa na sauti yake kwenye diski moja tu, ile ya nje ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Mkwewe, mume wa marehemu, akaichomekea chaja ya kompyuta, yenye umeme mkubwa kupita wake, ikaungua.

"Iliingia vizuri, mama," akajitetea.

"Hata kichwa chako kinaingia kwenye sufuria!"

Wakaipeleka wote wawili kwa fundi. Akaibadilishia kibao cha umeme, ikaanza kuzunguka. Mara umeme ukakatika. Giza tii, feni kimya, diski bado inavuma.

"Mbona nimeshaichomoa?" fundi akanong'ona.

Ndani ya mvumo ule binti akasema, "Mama, toka na fundi. Mume wangu abaki humu, hakuniunguza kwa bahati mbaya."

Shoga akapapasa hadi akampata fundi, akamvuta nje, akafunga mlango.